Daftari la Klorini

Kabla ya mashine kulikuwa na mkono wangu huu,
vali inayokwama, na daftari la jalada la bluu
lililofura kwa unyevu wa visima vya Shela.
Nusu mzunguko kulia, mji unakunywa salama.
Mzunguko mzima, watu wa Langoni wanalalamika
chai ina ladha ya hospitali.

Nilizidisha. Nani angenilaumu?
Mwaka wa kipindupindu nilikuwa na miaka tisa,
nikahesabu majeneza kutoka dirishani
hadi vidole vikaniishia.
Tangu hapo, kila nikisita, mkono huenda kulia.

Hakuna aliyeniambia kwamba dawa nayo huzaa:
kwamba majani yaliyooza chini ya mchanga
na chumvi inayonyemelea visima kiangazi kikikaza
hukutana na klorini gizani, ndani ya bomba,
wakaoana bila shahidi,
na watoto wao hawaonekani kwa jicho.
Huingia mwilini kidogo kidogo, mwaka kwa mwaka,
kama deni la dukani.

Mama alihisi kitu. Katika birika lake la chokaa
waliishi samaki watatu, wala viluwiluwi vya mbu.
Siku tulipounganishiwa bomba
walielea matumbo juu kabla ya adhuhuri.
"Mai haya yanuka nini?"
Nikamjibu: usafi, mama.

Kisha akaja Shekuwe na kompyuta yake
na mwavuli, ingawa hakukuwa na mvua.
Alinakili madaftari kumi na moja,
joto, mvua, chumvi ya kisima cha kumi na nne,
mizunguko ya mkono wangu,
na dawa iliyosalia kwenye bomba la mwisho, Wiyoni.
"Itajifunza," akasema, "kama mtoto wa chuoni.
Herufi kwanza. Maana itakuja."

Siku ya nne mashine iliuliza.
Haikuwa na sauti, ilikuwa na mstari mwekundu:
Juni, tarehe sita hadi ishirini na saba,
nukta tano, nukta tano, nukta tano.
"Maji hayatulii hivi," Shekuwe akasema,
"hata ndani ya gilasi."

Juni ile Mwanahawa wangu alikuwa amelazwa.
Niliandika kando ya kitanda chake,
bila kuona bomba lolote,
nikijaza safu kama mtu anayevuta uradi
na moyo uko kwingine.
Ningeweza kusema kipimo kiliharibika.
Shekuwe alikuwa akifuta miwani yake, polepole mno.
Nikasema: Zifute. Hizo ni zangu, si za maji.

Tukaanza upya, kwa miguu, na chupa kwenye kapu,
Gadeni, Mkomani, Kashmir,
tukisubiri punda wa saruji wapite uchochoroni.
Bi Khuzaima alidhani tunauza marashi.
Tukamwambia tunanunua maji.
Akatuonea huruma, akatuletea na kaimati.

Miezi minane baadaye mashine ikashauri:
kisima cha kumi na nne kipumzike chumvi ikipanda,
robo mzunguko upungue alfajiri,
urudishwe jua likikaza.
Mkono ulikataa. Ulikuwa bado na vidole vile vile.
Nikaupunguza kwa mkono wa kushoto
kisha nikaenda kukesha Wiyoni, kwenye bomba la mwisho,
nikitia kidonge katika kichupa kila saa.
Waridi. Waridi hafifu, kama ukucha wa mtoto mchanga.
Dawa ilikuwepo. Kidogo, lakini ilikuwepo.
Alfajiri nilitapika kwa uchovu, nikacheka.

Majibu ya maabara ya Mombasa yamekuja mara tatu.
Wale watoto wa gizani wamepungua; hawajaisha.
Katika birika la mama nimetia samaki watatu.
Wawili walikufa.
Wa tatu yu hai, na simwambii mtu kuwa huo ni ushahidi.

Jana umeme ulikatika, nikalala kwenye kiti.
Leo, katika safu ya saa tisa za usiku,
nimeandika neno ambalo miaka kumi na moja
sikuwa na ujasiri nalo:
sikupima.
Mashine imelipokea bila mstari mwekundu.